Chombo cha Kupimia Nacho Kipimwe



Ukienda sokoni kununua maharagi, macho yako yanatazama kopo la muuzaji. Je, chini yake pamesukumwa juu? Je, kando zake zimebonyea? Wewe unajua kwamba kopo baya linaweza kukupunguzia chakula cha watoto, hata kama muuzaji anacheka nawe vizuri. Kwa hiyo hulipi franga zako mpaka umelitazama kopo.

Siku hizi kipimo kingine kimeingia katika nyumba zetu. Ni vyombo vidogo vya umeme vinavyotoka ng'ambo. Mtu anatazama duka katika simu yake, anaona picha nzuri na bei rahisi, analipa, na baada ya majuma kadhaa mzigo unafika. Wengine wanavipata kwa mfanyabiashara aliyeagiza vingi kwa pamoja, au kwa ndugu aliye mbali. Kuna chombo cha kubana kidole, chombo cha kupima tansio, chombo cha kupima homa, na saa za mkononi zinazosema zinapima kila kitu. Watu wanavileta hospitalini na kutuuliza, "Mganga, hiki ni kizuri?"

Ni ulizo jema. Lakini wengi wanauliza wakiwa wamechelewa.

Habari ya mtoto mmoja

Baba mmoja na mama mmoja walituletea mtoto wao wa miaka miwili. Alikuwa na kikohozi na homa siku tatu. Baba alikuwa na chombo cha kidole alichonunua ng'ambo kwa njia ya simu. Kila asubuhi na kila jioni alikiweka katika kidole cha mtoto, nacho kilionyesha 97. Basi walikaa nyumbani wakingoja.

Tulipofungua nguo ya mtoto, tuliona ngozi chini ya mbavu inaingia ndani kila alipovuta pumzi. Tulihesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima: 58. Tukaweka chombo cha hospitali chenye kamba ndogo ya watoto, kikaonyesha 84. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na damu yake ilikosa oksijeni. Alipewa oksijeni na dawa, na baada ya siku sita akarudi nyumbani akitembea mwenyewe.

Baba alihuzunika sana. Hakuwa mzembe. Alimpenda mtoto wake hata akatoa mali yake kununua chombo. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikiamini chombo kabla ya kukipima. Chombo kile kilitengenezwa kwa kidole cha mtu mzima. Kidole cha mtoto kilikuwa kinacheza ndani yake, na nuru ilipita kando.

Chombo cha kidole kinafanya kazi namna gani?

Msingi wa chombo hiki ulivumbuliwa na Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, katika miaka ya 1970. Upande mmoja kina taa mbili ndogo. Moja ni nyekundu, na nyingine inatoa nuru ambayo macho yetu hayaioni. Upande wa pili kuna jicho dogo linalopokea nuru baada ya kupita katika kidole. Damu yenye oksijeni nyingi inaachilia nuru nyekundu kupita. Damu iliyokosa oksijeni inaizuia zaidi. Chombo kinalinganisha nuru hizi mbili wakati moyo unapopiga, halafu kinaandika hesabu.

Mtu mzima wa afya kwa kawaida ana 95 hadi 100. Mahali pa juu kama Bukavu na Goma, hesabu inaweza kuwa chini kidogo hata kwa mtu asiye mgonjwa. Ikiwa chini ya 90, ni hatari, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Lakini tazama, chombo hakioni oksijeni yenyewe. Kinaona nuru tu. Kitu chochote kinachoharibu nuru kinaharibu hesabu: mkono wa baridi, rangi ya kucha au hina, kidole kinachotetemeka, jua kali, kidole kidogo cha mtoto.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitangaza kazi yao ya kulinganisha vyombo hivi na damu yenyewe iliyotolewa katika mshipa. Waliwatazama wagonjwa ambao chombo kiliwaonyesha 92 hadi 96. Katika wagonjwa weupe, karibu 4 kwa 100 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Katika wagonjwa weusi, walikuwa karibu 12 kwa 100. Na vyombo vile vilikuwa vya hospitali, si vya bei rahisi. Basi sisi wenye ngozi nyeusi, chombo kikitusifu, tusifurahi upesi.

Namna ya kukipima

Fanya mambo haya siku chombo kinapofika, wakati watu wote wa nyumba ni wazima. Usingoje usiku wa ugonjwa.

1. *Soma sanduku lake.* Mwombe mtu anayejua Kifaransa au Kiingereza akusaidie. Vingine vimeandikwa kwamba ni vya wanamichezo, wala si vya kupimia wagonjwa. Mwenye duka anaonyesha picha ya daktari, lakini mwenye kiwanda anakana kwa herufi ndogo. Tazama pia alama ya CE, ambayo inahitajiwa kwa vitu vingi vinavyouzwa Ulaya. Chombo cha kupimia wagonjwa kinapaswa kuwa na tarakimu nne karibu na alama hiyo, kuonyesha kwamba kazi ya mtengenezaji imekaguliwa na wengine. Tarakimu zikikosekana, uwe na mashaka. Zikiwapo, endelea kupima, kwa maana mdanganyifu anaweza kuchapa tarakimu pia.

2. *Hesabu mapigo ya moyo.* Chombo kinaonyesha hesabu mbili: moja ya oksijeni, moja ya mapigo. Keti kimya dakika tano. Weka chombo katika kidole cha mkono mmoja, ukitie mkono huo juu ya meza. Mwenzako aguse mshipa wa mkono wako wa pili, penye kifundo, ahesabu mapigo kwa dakika nzima akitazama saa. Hesabu yake na ya chombo zikaribiane. Yeye akihesabu 72 na chombo kinasema 95, rudieni. Kikikosa tena, kitu hiki hakifai. Lakini shika neno hili: kikihesabu mapigo vizuri, bado hakijathibitisha kwamba hesabu ya oksijeni ni kweli.

3. *Kipe kalamu.* Bana kalamu mahali pa kidole, uiache imetulia mezani, mbali na jua. Kalamu haina damu. Chombo kinaweza kutupa hesabu kidogo kikatikisika na kunyamaza, maana kimepata nuru ya kando. Lakini kikitulia na kusema kalamu ina oksijeni 98 na moyo unapiga, hicho ni mchezo wa watoto.

4. *Pima vidole mbalimbali.* Pima kidole cha shahada na cha kati, mara tatu kila kimoja, ukingoja mpaka hesabu itulie. Tofauti ya 1 au 2 si kitu. Ikiruka kutoka 97 mpaka 89 na kurudi, nawe ni mzima na mkono wako una joto, usikitumainie.

5. *Kilete hospitalini.* Hili linashinda yote. Tutaweka chombo chako na chetu katika mkono mmoja, vidole viwili, wakati mmoja. Kwa mtu mzima wa afya visipitane zaidi ya hesabu chache. Hata hapo hatutakuambia kwamba ni kizuri kwa mgonjwa, maana vyombo vingi vya bei rahisi vinasema vema hesabu ikiwa juu na kukosa hesabu ikishuka, yaani saa ile ile unapokihitaji.

Chombo cha tansio

Pima kwanza mkono wako wa juu kwa utepe wa fundi wa nguo, katikati ya bega na kiko. Kitambaa cha chombo kimeandikwa ukubwa wake, kwa mfano sentimeta 22 hadi 32. Kitambaa kidogo katika mkono mnene kinaonyesha tansio kubwa kuliko ilivyo, na mtu anaweza kumeza vidonge bure. Kitambaa kikubwa katika mkono mwembamba kinaficha ugonjwa.

Kisha uje nacho. Utaketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza sawasawa na moyo, pasipo nguo chini ya kitambaa. Chombo chako kitapima, na muuguzi atapima kwa mkono wake, kwa zamu, mara tatu. Zikiwa karibu kwa hesabu 5, vema. Zikipitana kwa 10 au zaidi, usikitumie kuamua habari ya dawa. Wala usiache vidonge kwa sababu chombo kimekupendeza siku moja. Tena kuna orodha ya STRIDE BP, inayotaja vyombo vya tansio vilivyopimwa na wataalamu. Mtu mwenye intaneti aitazame kabla ya kununua, si baada ya kununua.

Chombo cha homa

Kiweke katika kwapa, halafu weka kile cha hospitali katika kwapa lile lile. Zikipitana kwa nusu digrii, na ukirudia zinapitana tena, usikitumie. Katika kwapa, 37.5 au zaidi ni homa. Vile vinavyoelekezwa kwenye paji la uso vinadanganywa na jua, jasho na upepo; mgonjwa akae kivulini kwanza. Tena vingine vina namna mbili, moja ya mwili na moja ya vitu kama maji na chakula. Ukitumia namna ya vitu, mtoto anaweza kuungua kwa homa na chombo kikasema yu salama.

Saa inayosema inapima sukari

Hapa sitakupa njia ya kupima. Neno langu ni moja: usiinunue. Mwezi wa Februari 2024, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vyombo vya hospitali ilionya watu juu ya saa na pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Ilisema haijakubali hata moja. Hii ni tofauti na saa inayopokea tu habari kutoka kwa chombo chenye uzi mdogo ulioingia chini ya ngozi.

Kwa nini tunasema kwa nguvu hivi? Mwenye ugonjwa wa sukari anayechoma sindano za insulini anapanga dawa yake kwa hesabu. Saa ikimwambia sukari iko juu, naye akaongeza dawa, kumbe sukari iko chini, anaweza kuchanganyikiwa, kuzimia, na kufa katika muda wa saa chache. Tone la damu la kidole linauma kidogo. Kifo kinauma jamaa yote.

Mgonjwa na chombo wakishindana

Utafanya nini chombo kikisema "mzima", na macho yako yanaona mgonjwa? Mwamini mgonjwa. Mama, wewe una kipimo kisichohitaji mawe ya tochi: saa yenye mshale wa sekunde na macho yako. Mtoto akitulia, mfunue kifua, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Hesabu hizi ni za hatari:

- Mtoto asiyefika miezi miwili: pumzi 60 au zaidi.
- Miezi miwili mpaka kumi na moja: pumzi 50 au zaidi.
- Mwaka mmoja mpaka mitano: pumzi 40 au zaidi.

Kama kifua kinaingia ndani, kama hawezi kunyonya wala kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege au haamki vema, mlete. Kwa mtu mzima, tazama kama anashindwa kumaliza neno kwa kukosa pumzi, na kama ulimi wake na ndani ya midomo yake pamegeuka rangi ya buluu. Katika ngozi yetu usitafute rangi hiyo usoni, itafute ulimini. Ukiona mojawapo ya mambo haya, usingoje hesabu ya chombo chochote.

Neno la mwisho

Chombo kilichoshinda majaribu yote, kitunze. Kipime tena kikianguka, na kila baada ya miezi michache. Na kilichoshindwa, usimwuzie jirani ili upate kurudisha franga zako. Labda yeye ana mtoto mgonjwa usiku huu. Mrudishie muuzaji, au ulete kwetu tukiweke mbali na watu.

Yule baba niliyemtaja alituachia chombo chake. Kiko katika chumba cha mafundisho pamoja na kalamu. Ukifika, omba ukione.