Ndege Zisizo na Rubani na Ardhi ya Kajiado

Msafiri ashikaye njia ya Namanga kutoka Nairobi, akishapita Athi River na kuingia Kitengela, hukutana na mji unaokua kwa kasi ya ajabu, wenye maghorofa yaliyosimama ubavuni mwa ploti tupu zilizozungushiwa seng'enge. Na akiendelea kusini, kupitia Kisaju na Isinya hata kufika Kajiado mjini, nyanda humfungukia pande zote mbili, ng'ombe wakilisha jirani ya mashamba ya maua, na punda milia wachache waliosalia wakitafuta mwanya katika nyua zilizoziba mapito yao ya kale. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000, na katika sehemu nyingi kile kilichokuwa malisho ya wote kimekwisha kugawanywa, kikauzwa, kikagawanywa tena. Hapana habari inayozungumzwa hapa kwa uchungu zaidi ya habari ya mpaka. Ndiyo maana chombo kinachoweza kupaa mita mia moja na kuonyesha kila kigingi cha ua, kila boma na kila njia ya mbuzi, kinastahili kufahamika barabara na wenyeji wa nyanda hizi kabla hakijafahamika zaidi na wengine wanaoitamani ardhi yao.

Droni, yaani ndege isiyo na rubani, ni chombo kirukacho pasipo mtu ndani yake, kikiongozwa ama na mtu aliye chini mwenye rimoti mkononi, ama na programu iliyopangiwa safari nzima kabla ya kupaa. Zile tunazoziona harusini na kwenye mikutano ya siasa aghalabu ni za rafadha nne, ambazo mbili huzunguka kufuata mshale wa saa na mbili kinyume chake, ili nguvu ya mzunguko wa hizi ibatilishwe na ya zile, chombo kikatulia hewani. Rubani akitaka kwenda mbele, rafadha za nyuma huongezewa kasi na za mbele hupunguziwa, chombo kikainama kidogo na kusukumika mbele. Na kazi hiyo yote ya kupima mwinamo na kuurekebisha hufanywa na vifaa vya ndani mara nyingi katika kila sekunde, ilhali mwanafunzi aliyeshika rimoti hudhani ni ustadi wake mwenyewe. GPS hukifahamisha chombo mahali kilipo, na betri ya lithiamu hukipa uhai wa nusu saa hivi. Ziko pia droni zenye mabawa kama ya ndege wa kawaida, ambazo hazina uwezo wa kusimama hewani mahali pamoja, lakini huruka muda mrefu zaidi na kufunika eneo kubwa zaidi kwa betri moja. Na ziko nyingine zilizounganisha tabia zote mbili, zipaazo wima kisha zikasafiri kwa mabawa.

Mwanafunzi wa Kitengela yampasa kujua jambo ambalo mwenziwe wa Mombasa hana haja ya kulijua sana. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo rafadha hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kupata nguvu ile ile ya kuinua, na betri huisha mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Fauka ya hayo, upepo wa alasiri katika nyanda zisizo na miti mirefu ni mkali, na chombo kilichokwenda mbali kikisukumwa na upepo huo huweza kuishiwa nguvu kikiwa safarini kurudi. Mwenye busara huanza safari yake dhidi ya upepo, na kurudi akiwa na akiba.

Kazi ambayo droni imeifanya kwa manufaa makubwa zaidi katika nchi zetu, kwa maoni yangu, ni kupima ardhi. Mpima ardhi mwenye chombo hiki hufika shambani asubuhi, upepo ungali umelala, akasubiri jua lipande kidogo ili vivuli vya migunga visifunike ardhi. Kwanza hutandaza chini alama za miraba myeusi na myeupe, akazipigilia misumari ili zisipeperuke, kisha akapima mahali pa kila moja kwa GPS ya wapimaji, ambayo hukosea kwa sentimita chache tu. Ndipo huchora kwenye kioo cha simu au tabuleti eneo analolitaka, na programu ikampangia mistari ya safari, huku na huku, kwa namna ambayo kila picha itapandana na inayofuata kwa asilimia 70 au 80. Mpandano huo ndio siri ya kazi nzima. Jiwe lile lile na kichaka kile kile huonekana katika picha nyingi zilizopigwa kutoka pembe mbalimbali, na kompyuta, kama macho yetu mawili yanavyokadiria umbali wa kitu kwa sababu kila moja hukiona kutoka mahali pake, hukokotoa mahali na kimo cha kila nukta, hata zikapatikana picha moja kubwa isiyopinda, yenye vipimo kama ramani, na umbo la vilima na makorongo. Ndege ikiruka mita 100, nukta moja ya picha ya kamera ya kawaida huwakilisha takriban sentimita 3 za ardhi, ilhali picha zinazotolewa bure na satalaiti za Sentinel-2 za Ulaya huwa na nukta ya mita 10, ambamo ua wa seng'enge haupo, wala kisima, wala kibanda cha mchungaji. Kwa njia hiyo hiyo wenye machimbo ya mawe hupima lundo la kokoto kwa muda mfupi, bila mtu kulipanda.

Ili tuone thamani ya jambo hili, na tukumbuke kazi iliyofanywa Kitengela mwaka 2004, pale Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliposhirikiana na wenyeji kuchora ramani ya nyua zote za eneo hilo, watu wakizifuata kwa miguu wakiwa na GPS mkononi, katika uwanda ambao wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, walizoea kuutumia kila mwaka majira ya mvua. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima kubwa, na maarifa yake yalifaa katika kutayarisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Kitengela, Isinya na Kipeto. Leo vipande vya uwanda huo vingeweza kupigwa picha kwa siku chache. Walakini wale waliotembea walipata kitu ambacho ndege haina njia ya kukipata: walikutana na mwenye ua, wakazungumza naye.

Hoja hii ilijitokeza waziwazi katika mradi ulioitwa its4land, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kati ya 2016 na 2020, ambao Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kilikuwa miongoni mwa washirika wake na Kajiado ikawa mahali pake pa majaribio nchini Kenya. Watafiti hawakutosheka na picha za angani. Walikwenda pia katika ranchi ya Mailua, wakawaomba Wamaasai wachore kwa mikono yao ardhi yao waijuavyo, kisha wakatafuta namna ya kuunganisha michoro hiyo na ramani za kisasa. Sababu ni dhahiri kwa yeyote aliyekaa na wafugaji. Karibu na boma huweko malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, ambayo Wamaasai huyaita olopololi, na mgeni hana ruhusa ya kulisha humo. Kamera ya droni ikipita juu yake huona majani tu, pengine mabichi zaidi kidogo kuliko ya jirani, wala haina habari kwamba majani yale yana mwenyewe, yana msimu wake na yana sheria yake. Mzee wa boma ndiye mwenye elimu hiyo, na picha isiyopitia kwake ni nusu ya ushahidi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ilipopitishwa mwaka 2016, jumuiya zinatakiwa kusajiliwa na mipaka ya ardhi zao kutambuliwa rasmi. Droni yaweza kupunguza gharama na muda wa kazi hiyo, lakini haitoi hati, wala haiamui alama ya mpaka ya nani ndiyo ya haki. Hayo yangali mikononi mwa mpima ardhi mwenye leseni, msajili wa ardhi na wenyeji wenyewe.

Mfano wa kupendeza wa kazi iliyoshikwa na wenyeji tunaupata Zanzibar, ambako kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, kwa msaada wa Benki ya Dunia na kwa kuwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waliofundishwa kurusha droni za mabawa, ilipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba, zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Waliozirusha ndege hizo walikuwa vijana wa Kizanzibari, na kazi ilipokwisha maarifa yalibaki visiwani. Ningetamani kuyaona hayo Kajiado.

Matumizi mengine ni mengi. Kuna kamera zinazonasa mwanga usioonekana kwa macho, ambao jani lenye afya huurudisha kwa wingi na jani gonjwa kwa uchache, hivyo mwenye shamba la vitunguu au nyanya hutambua sehemu inayougua mapema. Kuna droni za kunyunyizia dawa, na hapa Kenya kampuni ya Fahari Aviation, iliyo chini ya Kenya Airways, hutoa huduma hizo na kufundisha marubani. Katika mashamba ya mpunga ya Cheju, Unguja, mwaka 2019, droni ilijaribiwa kunyunyizia juu ya maji utando mwembamba uzuiao viluwiluwi vya mbu kugeuka mbu wa malaria. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, damu hupelekwa hospitalini kutoka Muhanga kwa ndege za Zipline zisizo na rubani, ikadondoshwa kwa mwavuli mdogo. Na huko Tanzania, pembezoni mwa Serengeti na katika eneo la Tarangire na Manyara, askari wa wanyamapori mwaka 2015 na 2016 walizitumia kuwafukuza tembo mashambani, kwa kuwa tembo huzikimbia. Ni habari ambayo wakulima wa Kimana na Loitokitok, majirani wa tembo wa Amboseli, wana kila sababu ya kuifuatilia.

Haifai kuficha kwamba chombo hiki kililelewa na majeshi. Mnamo Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha kutoka Goma droni zake za kwanza za upelelezi, zisizo na silaha, na katika vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 pande zote mbili zimerusha zenye silaha. Kwa hiyo serikali kuwa na hadhari ni jambo linaloeleweka. Nchini Kenya kanuni za mwanzo, za 2017, zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata, na ni kanuni za 2020 zilizofungua mlango kwa raia. Kwa mujibu wake, mwenye droni sharti awe ametimiza miaka 18, na chombo kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, ambayo idhini yake inahitajika hata kabla ya kukiingiza nchini. Kisipande zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120. Kisiwakaribie watu wasiohusika kwa chini ya mita 50. Kisiruke usiku pasipo ruhusa. Na kisifike ndani ya kilomita 10 za kiwanja kikubwa cha ndege, au 7 za kidogo, ila kwa kibali. Mkazi wa Kitengela mwenye viwanja vya ndege vya Nairobi upande mmoja, na vile vidogo vya ndege nyepesi, kama Orly, katika nyanda zake mwenyewe, asidhani ya kwamba anga tupu aionayo haina mwenyewe. Hifadhi ya taifa nayo hairukiwi bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Lililo zito zaidi ni faragha. Katiba ya 2010 inailinda, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka mwenye kukusanya habari za watu awe na sababu halali. Boma la Mmaasai halina paa juu ya uwanja wake. Humo wanawake hukamua maziwa, watoto huoga, wagonjwa huota jua, na kupitisha kamera juu yao bila hodi ni utovu wa adabu hata pale ambapo hakuna askari wa kuuona.

Basi, kijana utakaye kuanza, nenda kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ukaulize masharti yao ya sasa, kabla hujampa muuzaji fedha zako. Jifunze katika uwanja mpana, asubuhi, chini ya mtu anayejua, na ukikusudia kufanya kazi ya malipo, tafuta leseni ya urubani wa mbali. Nanyi wazee na wanachama wa ranchi za Kajiado, akija kwenu mtu na droni, awe wa serikali, wa kampuni au wa chuo, mwulizeni kibali chake, na atakavyofanya na picha zake. Na asiondoke pasipo kuahidi kwa maandishi kwamba nakala ya picha ya ardhi yenu itabaki kwenu.