Kromosomu 14 za Ogaka wa Gwassi

Kuku wakianza kuzubaa na kuharisha kijani, akina mama wengi wa Nyanza hukata jani la ogaka, wakalichanachana na kulitia katika maji yao ya kunywa. Ogaka ndio mshubiri. Huota wenyewe penye mawe na ukame, na vilima vya Gwassi vilivyo juu ya mji wa Sindo, mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, vinaufaa sana. Utomvu wake wa manjano hupakwa vidondani, hunywewa kwa homa na kwa tumbo lililofunga. Tiba za jinsi hii Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alizikusanya katika kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1976.

Mchunguzi wa kromosomu hana haja na jani. Anataka ncha ya mzizi, milimita chache tu, maana hapo ndipo seli hugawanyika kwa wingi. Ncha hulowekwa katika kemikali inayozuia mgawanyiko usiishe, ikahifadhiwa katika alkoholi na asidi ya siki, ikalainishwa, ikatiwa rangi, kisha ikabanwa kwa kidole gumba chini ya kioo chembamba hadi seli zilale bapa. Kemikali inayotumika sana ni kolkisini. Sumu hiyo imo pia katika kiazi cha Gloriosa superba, ule mtambaazi wa maua mekundu na manjano unaoota vichakani mwetu. Kiazi chake kimeua watu.

Chini ya hadubini mshubiri haujifichi: kromosomu 14, 8 ndefu na 6 fupi mno, za kati hakuna. Peter Brandham wa bustani ya Kew, London, aliukuta mpangilio huo karibu katika kila mshubiri aliouchunguza. Baadhi ya mishubiri ya vichaka ya Afrika Mashariki ina 28, seti nne badala ya mbili.

Kwa kufanana hivyo, spishi tofauti huzaliana kwa urahisi, na machotara humtatiza hata mtaalamu. Lakini hesabu moja si dawa moja. Aloe ballyi wa Taita una sumu kali, na kromosomu hazikuonyi. Hapo jicho la mganga aliyeuzoea mlima lina thamani zaidi kuliko hadubini, na ndiyo maana mganga na mchunguzi wanapaswa kufanya kazi pamoja: kila mmea wa Gwassi uandikwe jina, matumizi na hesabu yake kabla moto na makaa havijaumaliza.

Sheria ipo. Amri ya rais wa Kenya ya mwaka 1986 ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwituni, na kanuni za mwaka 2007 zikaruhusu biashara chini ya leseni. Ipo na tahadhari: mjamzito asinywe utomvu huu, kwa kuwa aloini iliyomo husukuma utumbo kwa nguvu. Nawe unayeuhitaji, panda wako nyumbani, ukate jani moja, uache mzizi.