Konokono, Chaza na Pweza: Ukoo Mmoja, Majina Mengi

Mvua inyeshapo katika mtaa wa West Indies mjini Eldoret, konokono na koa huonekana wakitambaa ukutani na kwenye majani ya sukumawiki. Kwa mwanafunzi aliyelelewa bara, majina haya mawili aghalabu ndiyo mwanzo na mwisho wa msamiati wake wa moluska. Atafsiripo matini ya biolojia, kila chenye gamba hukiita konokono, na pweza humtia katika kundi la samaki. Makosa haya huepukika maumbile ya wanyama hao yakieleweka.

Moluska ni wanyama wa mwili laini, wasio na uti wa mgongo. Kwa kawaida huwa na mguu wa misuli, fungu la viungo vya ndani, na ngozi inayolifunika fungu hilo mithili ya joho. Joho hilo ndilo litoalo chokaa ya kujengea gamba. Wengi wana pia ulimi wenye vijino vya kukwangulia chakula.

Umbo hilo moja limegeuka kwa namna nyingi katika spishi zaidi ya 70,000. Konokono ana gamba moja. La koa limepungua likafichika mwilini, au limetoweka kabisa. Chaza ana magamba mawili, lakini hana kichwa wala ulimi. Huchuja chakula majini kwa matamvua. Ngisi ana mabaki ya gamba ndani ya mwili. Pweza hana gamba, bali ana mikono minane, mioyo mitatu na damu ya buluu.

Majina nayo yahitaji tahadhari. Kauri ni gamba la konokono wa baharini, lililowahi kuwa fedha hata Uganda; hadi leo Waganda huita fedha ensimbi, jina la kauri hizo. Kinyume chake, jongoo wa pwani si jongoo wala si moluska. Kiti cha pweza nacho ni mnyama hai, jamaa wa jongoo huyo, asiye na nasaba na pweza.

Hivyo basi, Kiswahili hakikupungukiwa na majina ya wanyama hawa. Kilichohitajika ni jina la ukoo mzima, ndipo moluska likatoholewa. Kabla ya kuunda istilahi nyingine, yafaa mwanaistilahi amsikilize kwanza mvuvi wa pwani.