Mita za LUKU: Kwa Nini Mwananchi wa Lundo Aliingiza Tarakimu 60

Wateja wa umeme wanaotumia mita za LUKU, wakiwamo wakazi wa Lundo katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, walipaswa kukamilisha maboresho ya mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Mita iliyofikiwa na tarehe hiyo bila kuboreshwa haingepokea umeme ulionunuliwa baadaye, na mvuvi aliyehifadhi mbasa kwenye jokofu angekuwa na pesa mkononi na giza ndani. Huduma hiyo ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) haikuwa na malipo.

Chanzo cha zoezi hilo kilikuwa kalenda. Mita hizo hufuata kiwango cha kimataifa cha STS, kilichoanzia Afrika Kusini. Tarakimu 20 anazopewa mteja kila anaponunua umeme hubeba ndani yake muda wa mauzo, uliokuwa ukihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Mita hutunza kumbukumbu ya dakika hizo, ndiyo maana hukataa tarakimu zilizokwisha kutumika. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hutosha dakika 16,777,216 tu, yaani miaka 31 na karibu miezi 11. Nafasi hiyo ilijaa Novemba 2024, kwa Tanzania na kwa kila nchi inayotumia kiwango hicho.

Ufumbuzi ulikuwa kuhamishia mwanzo wa hesabu kwenye tarehe 1 Januari 2014. Ugumu ulikuwa kwenye mita. Mita ya kawaida haiwasiliani na mfumo wa mauzo kwa mtandao wowote. Taarifa huifikia kupitia vidole vya mteja peke yake.

Tena, kubadili tarehe peke yake kungefungua mlango wa udanganyifu, kwa kuwa hesabu ikirudi nyuma, tarakimu za risiti ya zamani zingeweza kukubaliwa upya. Kwa hiyo kila mita ilipewa pia ufunguo mpya wa siri, na ule wa zamani ulifutwa. Ufunguo huo haukuenea katika safu moja ya tarakimu 20, hivyo uligawanywa katika safu mbili.

Hapo ndipo zilipopatikana tarakimu 60. Mteja aliyenunua umeme katika kipindi cha maboresho alipokea safu tatu. Aliingiza ya kwanza, kisha ya pili, na mwisho ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa na uniti. Alipoanza na ya tatu, mita iliikataa, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwa ufunguo ambao mita ilikuwa bado haijaupata. Uniti zilizokwisha kuingia kwenye mita hazikupotea. Lakini umeme ulionunuliwa zamani na kuachwa kwenye ujumbe wa simu bila kuingizwa ulikataliwa baada ya ufunguo kubadilika, hivyo ulipaswa kuingizwa kwanza.

Uangalifu zaidi ulihitajika pale umeme uliponunuliwa na mtu mwingine. Ndugu aliyeko Mbinga au Songea, kwa mazoea, angeweza kutuma safu moja yenye uniti na kuziacha mbili za mwanzo. Mfumo wa mauzo hauna macho ya kuiona mita iliyoko Lundo. Unachojua ni kwamba tarakimu zimetolewa. Safu hizo mbili zisingeingizwa, manunuzi yaliyofuata nayo yangekwama. Wakala aliyeandika tarakimu kwenye karatasi alipaswa kuandika safu zote tatu kwa mpangilio wake.

Nyumba zilizofungwa nazo hazikupaswa kusahaulika. Mwenye nyumba aliweza kununua umeme akiwa popote nchini, lakini ilikuwa lazima awepo mtu wa kusimama mbele ya mita na kubonyeza. Mteja ambaye mita yake iliendelea kukataa baada ya kufuata utaratibu huo alipaswa kuwasiliana na TANESCO kwa namba 180 au kufika ofisi iliyo karibu akiwa na namba ya mita.