Baba ametolewa tezi dume, mionzi ianze lini?

Operesheni ya saratani ya tezi dume imekwenda vizuri, mpira wa mkojo umetolewa, mzee yuko nyumbani. Hapo ndipo swali linapoanza kuzunguka sebuleni: mbona daktari hajampeleka kwenye mionzi? Watoto wanadhani hospitali imemsahau. Mara nyingi haijamsahau.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walibishana. Wapo waliotaka mionzi ianze ndani ya miezi michache baada ya upasuaji, iue chembe zozote zilizobaki. Wengine walisema mgonjwa afuatiliwe kwa kipimo cha damu cha PSA, na mionzi ije pale tu kipimo kinapoanza kupanda. Utafiti wa RADICALS ulilinganisha njia hizo kwa wanaume 1,396 wa Uingereza, Denmark, Canada na Ireland. Majibu yalitoka 2020: baada ya miaka mitano, asilimia 85 ya waliowahishiwa mionzi walikuwa hawana dalili za ugonjwa kurudi. Kwa waliosubiri ilikuwa asilimia 88. Kwa hiyo kuwahi hakukuwapa faida ya wazi, na tafiti za Ufaransa na Australia zikaelekea huko huko.

Madhara je? Waliowahi walilalamika zaidi kushindwa kuzuia mkojo mwaka wa kwanza, na baadhi walipata tatizo la njia ya mkojo kuwa nyembamba. Wengi wa waliosubiri walikwepa mionzi kabisa katika muda waliofuatiliwa.

Ila kusubiri huku si kukaa tu nyumbani. Tezi ikishatolewa yote, PSA inatakiwa ishuke hadi isionekane kwenye kipimo. Inapimwa tena kila baada ya miezi michache, na ni vizuri iwe maabara ile ile. Madaktari wengi huichukulia 0.2, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, kuwa ugonjwa umerudi, na mionzi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla PSA haijavuka 0.5. Mzee anayeruka kliniki mwaka mzima kwa sababu "najisikia vizuri" anaweza kuupoteza muda huo, maana wakati huo hakuna maumivu yoyote ya kumshtua.

Wapo ambao daktari bado anaweza kuwashauri wawahi: saratani ilikuwa kali sana, imeingia kwenye vifuko vya mbegu au imefika kwenye tezi za limfu. Ndiyo maana ripoti ya patholojia isibaki kabatini. Nenda nayo kliniki, muulize daktari inasema nini.

Jambo moja huwachanganya wengi. Jirani aliyefanyiwa operesheni ya tezi dume iliyovimba bila saratani hutolewa sehemu ya ndani tu, na PSA yake haishuki hadi sifuri. Usilinganishe majibu yake na ya baba yako.