Kipimamwendo cha Elektroniki Katika Land Rover Kuukuu

Magari ya Land Rover ya zamani, yale ya mfululizo wa pili na wa tatu yaliyoundwa Uingereza kati ya mwaka 1958 na 1985, hayajatoweka katika barabara za Afrika Mashariki. Wako wanaoyatunza kwa mapenzi tu, na wako wanaoyatunza kwa kuwa yangali yanabeba mizigo. Mengi kati yake hayakubaki kama yalivyotoka kiwandani. Badiliko moja linalopendwa sana na wenye magari haya, hapa na ng'ambo, ni kuziondoa difu za asili na kutia mahali pake difu za Range Rover au za Land Rover zilizokuja baadaye. Difu ya asili ina uwiano wa 4.7 kwa 1, maana yake shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Difu inayotiwa ina uwiano wa 3.54 kwa 1. Injini hupata nafuu, kelele hupungua, na safari ndefu huwa nyepesi.

Kuna chombo kimoja tu ambacho hakikuarifiwa badiliko hilo. Kipimamwendo, ambacho mafundi hukiita spidomita, katika gari hili hakipati habari zake kutoka kwenye gurudumu. Huzipata kutoka kwenye mhimili unaozungusha shafti ya nyuma, yaani kabla nguvu haijafika kwenye difu. Sasa shafti huzunguka mara chache zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo mshale huonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Msomaji akigawanya 3.54 kwa 4.7 atapata 0.753. Dereva anayesoma kilomita 50 kwa saa, akidhani ameishika sheria ya mwendo wa mjini, kwa hakika anakwenda 66. Anayesoma 80 anakwenda 106. Na kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, breki za gari hilo, ambazo ni zile zile za zamani, hudaiwa kufuta nishati iliyo mara 1.76 ya ile dereva anayoidhania. Mtoto anayevuka barabara hana habari ya difu.

Hesabu ya masafa nayo hupotoka kwa kiasi hicho hicho. Mwenye gari aliyezoea kubadili oili kila kilomita 5,000 ataibadili baada ya 6,600 na zaidi. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita moja ya mafuta litaonekana kwenda 6 tu, na mwenyewe atailaumu difu mpya kwa ulafi, ilhali haina kosa.

Sumaku ndani ya kikombe

Chombo cha zamani hakistahili kudharauliwa. Otto Schulze wa Strasbourg, mji uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, alikipatia hataza mwaka 1902, na kanuni yake ilitumika katika magari ya dunia nzima kwa muda wa miaka mingi. Kebo ya waya uliosokotwa huzunguka ndani ya ala yake na kuizungusha sumaku iliyo nyuma ya uso wa chombo. Sumaku hiyo imezungukwa na kikombe cha alumini kisichogusana nayo. Alumini haivutwi na sumaku. Lakini uga wa sumaku unaopita kwa kuzunguka huamsha ndani ya kikombe mikondo midogo ya umeme, mfano wa maji yazungukayo penye kizingia cha mto. Mikondo hiyo nayo huzaa uga wake, na kikombe huburutwa kuifuata sumaku. Kamani nyembamba hukizuia kisizunguke kabisa. Kebo ikienda kasi zaidi mburuto huongezeka, kamani hukazwa zaidi, na mshale hupanda. Hakuna betri wala meno kati ya sumaku na mshale. Mwalimu aliye na sumaku yenye nguvu na bomba la shaba anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kuidondosha sumaku ndani ya bomba: itashuka polepole kana kwamba imeangukia asali.

Anayetaka kubaki na chombo hiki anaweza kutiwa kisanduku cha meno kati ya kebo na giaboksi ili kurudisha uwiano uliopotea, na hiyo ni dawa halali. Hata hivyo kebo hukauka, hukwaruza na kukatika, na kisanduku kilichofaa difu moja hakitafaa tairi za kimo kingine zitakapotiwa mwakani. Hapo ndipo elektroniki inapopata nafasi.

Kuhesabu mapigo

Mwaka 1879 Edwin Hall, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, aligundua kwamba mkondo wa umeme unaopita katika bamba jembamba ukikatwa na uga wa sumaku, volti ndogo hutokea toka ubavu mmoja wa bamba hadi wa pili. Kihisio kinachotumika leo ni bamba la namna hiyo lililofungwa pamoja na kikuza umeme ndani ya kifuko kidogo chenye nyaya tatu: moja ya kuleta umeme, moja ya ethi na moja ya ishara. Sumaku ndogo hufungwa kwenye shafti, na kila inapopita mbele ya kihisio, pigo moja la umeme hupelekwa kwenye dashibodi. Huko saa ya kioo cha kwazi hupima muda kati ya pigo na pigo, na mota ndogo huusogeza mshale.

Chombo hiki hakijui kilomita. Kinajua mapigo tu, na lazima kiambiwe ni mapigo mangapi yanayofanya kilomita moja. Akitiwa tarakimu isiyo sahihi, kitadanganya bila kutetemeka, na dereva atakiamini zaidi kuliko alivyouamini mshale wa zamani uliokuwa ukicheza.

Tarakimu hiyo hutafutwa hivi. Tairi hujazwa upepo wa kawaida, gari hupakiwa uzito wake wa kawaida, na dereva huketi mahali pake. Alama ya chaki huwekwa chini ya tairi na nyingine sakafuni, kisha gari husukumwa mpaka gurudumu lizunguke mara kumi kamili. Kupima kipenyo cha tairi na kukizidisha kwa 3.14 hakutoshi, kwa maana tairi iliyobeba gari hubonyea, na umbali inaokwenda kwa mzunguko mmoja hupungua. Mizunguko kumi nayo ina sababu yake: kosa la sentimeta 2 katika mzunguko mmoja ni karibu asilimia 0.8, lakini kosa lilo hilo likigawanywa katika mizunguko kumi huwa asilimia 0.08.

Tuseme utepe umeonyesha mita 24.5. Kila mzunguko basi ni mita 2.45, na kilomita moja ni mizunguko 408 na kidogo. Kwa difu ya 3.54, shafti huzunguka mara 1,445 katika kilomita hiyo. Ikiwa na sumaku nne, mapigo ni 5,780, na hiyo ndiyo tarakimu ya kukitia chombo. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kihisio kitatoa mapigo 80 kila sekunde. Kwa nini sumaku nne na si moja? Gari likinyapa kwa kilomita 5 kwa saa, sumaku moja hutoa mapigo mawili tu kwa sekunde, na mshale huruka kama panzi. Sumaku nne hutoa manane.

Sumaku hizo zinafaa kufungwa kwa uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, shafti huzunguka mara 2,400 kwa dakika. Sumaku ya gramu 5 iliyo sentimeta 5 kutoka katikati ya shafti huhitaji kani ya newton 16 ili isichomoke, sawa na kuning'iniza kitu cha kilo 1.6 juu ya tone la gundi. Gundi peke yake isiaminiwe. Kuwe na mkanda wa chuma pia, na sumaku zielekeane mbili mbili ili shafti isiyumbe. Fundi mwingine huacha sumaku kabisa na kutumia kihisio chenye sumaku yake, kinachohesabu vichwa vinne vya bolti za shafti vinavyopita mbele yake kwa nafasi ya milimita moja au mbili. Ni njia safi, ila tope na changarawe za barabara zetu huifikia kwa urahisi, na kihisio huhitaji ngao ya bati.

Katika nyaya kuna mitego miwili. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, na chombo cha elektroniki kilichoundwa kwa ncha hasi huungua mara kinapounganishwa. Ncha ichunguzwe kwanza, na fyuzi iwekwe. Mtego wa pili ni injini ya petroli: koili yake hutoa maelfu ya volti kwa plagi, na waya wa ishara uliopitishwa karibu nayo hupokea mapigo yasiyo yake. Dalili ni rahisi kuitambua. Gari limesimama, injini inapigwa resi, na mshale unapanda. Waya wa ishara basi upitishwe mbali, uwe wenye ngao, na ngao ifungwe ethi upande mmoja tu.

Vipo pia vipimamwendo vinavyotegemea setilaiti, ambavyo havihitaji shafti wala tairi. Hufanya kazi vizuri mahali pa wazi. Ndani ya handaki, au mara tu gari linapowashwa, hubaki kimya.

Mwisho kazi hujaribiwa barabarani, kwa saa ya kusimamisha, msaidizi akiisoma na dereva akitazama mbele: kwa kilomita 60 kwa saa, kilomita moja iliyopimwa huchukua sekunde 60. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari hairuhusu chombo kuonyesha pungufu hata kidogo, bali huruhusu kizidishe kwa sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kweli na kilomita 4 juu yake, ndiyo kusema gari linalokwenda 80 laweza kuonyesha hadi 92. Difu iliyobadilishwa bila kurekebisha chombo huangukia upande uliokatazwa. Kipimamwendo kipya huanza kuhesabu masafa kutoka sifuri. Kwa hiyo hesabu ya kile cha zamani, tarehe ya kukiondoa, na tarehe ya kubadilishwa kwa difu huandikwa katika daftari la gari, ili atakayelinunua ajue ni kilomita zipi zilizohesabiwa pungufu.