Wageni Wawili na Mlima Mmoja

Mtu akaaye Kiuu, au popote upande wa Ruiru, akitoka nje alfajiri siku isiyo na ukungu na kutazama mashariki, huona mlima umesimama peke yake juu ya nchi tambarare. Hauna mwenzake karibu. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, maana yake mlima mkubwa. Watu wengi huuita Kilimambogo, kwa sababu ya nyati, yaani mbogo, wakaao katika msitu wake. Nao wazee wa Kikuyu waliuita Kirima kia Njahi, yaani mlima wa mvua kubwa. Kilele chake kina urefu wa mita 2,145 juu ya usawa wa bahari.

Siku hizi hakuna kijiji katika Ruiru au Thika ambacho hakina mtoto wake ng'ambo. Wengine wako Qatar na Saudia, wengine Uingereza, Marekani na Kanada. Tena wageni wa mataifa mengi wamekuja kukaa kwetu. Kwa hiyo yafaa tujiulize: mtu aendaye kukaa katika nchi asiyoijua hukaaje vema? Twadhani mlima huu unaweza kutufundisha, kwa kuwa unaunganisha maisha ya wageni wawili. Mmoja alitoka mbali akaja kukaa chini yake. Wa pili alizaliwa katika nchi iliyo karibu nao, akaenda mbali, akauandika katika kitabu.

MGENI ALIYEKUJA

Mgeni wa kwanza aliitwa William Northrup McMillan. Alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa mji wa St. Louis katika jimbo la Missouri, mwaka 1872. Alikuwa mtu mrefu, mnene mno, na mwenye mali nyingi. Alipenda safari kuliko starehe. Mwaka 1903 alijaribu kusafiri katika mto Nile wa Buluu kwa mashua za chuma, lakini maporomoko yalizivunja mashua zake, na safari ikashindwa. Baada ya hapo alikuja Afrika ya Mashariki, akapata shamba kubwa sana mahali paitwapo Juja, baina ya Ruiru na Thika. Baadaye mlima wa Kilimambogo nao ukawa mali yake.

Nyumba ya Juja ilijulikana kwa ukarimu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika kiti cha urais wa Marekani, alikuja kuwinda katika nchi hii, na McMillan alikuwa mmoja wa wenyeji wake. Alimkaribisha Juja, na pia katika nyumba yake ya Chiromo mjini Nairobi, mahali penye majengo ya Chuo Kikuu cha Nairobi leo. Vita Kuu ya mwaka 1914 ilipoanza, McMillan aliingia katika jeshi la Uingereza, na baadaye akapewa cheo cha Sir. Aliingia pia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Hatusemi ya kuwa hakuipenda nchi hii. Aliipenda sana, na alitaka azikwe juu ya kilele cha Kilimambogo. Alifariki mwaka 1925 huko Ulaya, na maiti yake ikaletwa hapa ili nia yake itimizwe. Lakini mlima ulikuwa mkali. Husimuliwa ya kuwa trekta iliyokokota jeneza iliharibika njiani, ikashindwa kuendelea. Basi wakamzika pale pale mbavuni mwa mlima. Mkewe, Bibi Lucie McMillan, alifariki mwaka 1957, akazikwa kando yake, na mtumishi wao wa kike naye amelala hapo. Makaburi hayo yako kama kilomita 7 kutoka lango, na mpanda mlima huyapita kabla hajafika kileleni.

Sasa tutazame upande wa pili wa habari hii. Nchi ambayo McMillan na wenzake walipewa haikuwa bila watu. Wakikuyu, Wakamba na Wamasai walilima, walilisha ng'ombe na walipita humo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliruhusu mlowezi kukodi shamba kwa miaka 999, nayo ilimfanya Mwafrika kuwa kama mpangaji wa Serikali katika nchi ya baba zake. Mgeni alipata hati. Mwenyeji alipata kipande cha kuvaa shingoni. Ukarimu wa Juja ulikuwa mkubwa, lakini walioketi mezani walikuwa wageni wenzake. Mwafrika alifika pale kwa kupika, kubeba mizigo na kulima.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi katika kumbukumbu aliyojengewa. Bibi McMillan alijenga maktaba nzuri mjini Nairobi kwa jina la mumewe, nayo ikafunguliwa mwaka 1931. Maktaba ile ipo hata leo, na simba wake wa mawe wangali mlangoni. Lakini kwa miaka mingi mlango ule ulikuwa wa Wazungu tu. Karani Mwafrika aliyejua kusoma na kuandika Kiingereza aliweza kupita nje kila siku akienda kazini, asiruhusiwe kuingia kusoma. Ulifunguliwa kwa watu wote miaka michache tu kabla ya Uhuru.

MGENI ALIYEKWENDA

Mgeni wa pili ni Jomo Kenyatta. Kila msomaji analijua jina lake kama Rais wa kwanza wa Kenya, lakini leo twataka kumtazama kama mtu aliyekaa ugenini. Alizaliwa Ngenda, katika nchi ya Gatundu, si mbali na Thika. Alisoma katika misheni ya Thogoto, na alipokuwa kijana alipata kazi Thika kwa mhandisi mmoja wa Kizungu. Baadaye alisoma mita za maji mjini Nairobi. Mwaka 1928 alikuwa katibu wa Chama cha Kati cha Wakikuyu na mhariri wa gazeti la Muigwithania.

Mwaka 1929 chama chake kilimtuma London kupeleka maombi ya watu juu ya ardhi. Alirudi mwaka 1930, akaondoka tena mwaka 1931 pamoja na Parmenas Mockerie. Safari hii alikaa miaka 15. Alisoma huko Birmingham katika chuo cha Woodbrooke, akaenda mpaka Moscow, kisha akarudi London. Hakuwa na shamba wala mali. Mara kwa mara kodi ya chumba ilimshinda, na alifanya kazi za kila namna. Alipata hata kuigiza, pamoja na watu wengi wengine, katika filamu ya mwaka 1935 iitwayo Sanders of the River.

Msomaji aangalie jinsi alivyojikimu kwa lugha yake mwenyewe. Katika chuo cha University College walikuwapo wataalamu waliotaka kuchunguza sauti za Kikuyu. Kenyatta aliwasaidia, akasema maneno nao wakayaandika. Lugha ambayo wengi nyumbani waliambiwa waiache ili waonekane wameendelea, ndiyo iliyompatia mkate mjini London. Tena alijifunza Kiingereza kwa bidii hata akaweza kusimama mbele ya watu na kuhutubia. Hakuiacha ya kwao, wala hakuidharau ya wenyeji.

Kisha aliingia London School of Economics kusomea mila za watu chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, ambaye naye alikuwa mgeni Uingereza, mzaliwa wa Poland. Masomo hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Humo alieleza habari za milima minne ambayo Wakikuyu waliiona kuwa makao ya Mungu: Kirinyaga upande wa kaskazini, Nyandarua upande wa magharibi, Kia Mbiroiro upande wa kusini, na upande wa mashariki mlima wa mvua kubwa, ndio Kilimambogo, mlima ule ule alipolala McMillan. Waingereza waliokuwa na ramani nzuri za Kenya, zenye urefu wa kila kilele, sasa waliweza kusoma maana ya vilele hivyo kwa wenyewe.

Fikiri, ewe msomaji, juu ya mwaka ule wa 1938. Mtu wa Gatundu anatoa kitabu mjini London, na wasomi wa huko wanakisoma. Lakini kama angalikuwa Nairobi siku hiyo, asingaliruhusiwa kuingia katika maktaba ya McMillan, hata kwa kukisoma kitabu chake mwenyewe.

Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Kenyatta alihamia Storrington, kijiji cha wilaya ya Sussex chini ya vilima vya South Downs. Huko alifanya kazi ya shamba kama kibarua, akafuga kuku na kupanda mboga, na jioni akahutubia askari na wafanyakazi juu ya Afrika. Wanakijiji walimzoea. Alioa mwalimu wa Kiingereza, Edna Clarke, mwaka 1942. Twasema hivi ili ionekane ya kuwa hakukaa kama mtu anayengojea meli. Alilima, alinunua dukani, alijibu maswali ya majirani. Hata hivyo mwezi wa Septemba 1946 alishuka Mombasa, akarudi nyumbani, kwa kuwa kazi aliyotumwa ilikuwa haijaisha.

TUJIFUNZE NINI?

Tusiseme ya kuwa wageni hawa wawili walikuwa na hali moja. Mmoja alikuwa na mali na sheria nyuma yake, wa pili alikuwa na bahasha ya maombi. Mwenye nguvu ugenini hushawishika kuishi bila kumwuliza mwenyeji neno lolote, maana hana haja naye ila kwa kazi. Asiye na nguvu hulazimika kuuliza, na kwa kuuliza hujifunza. Lakini mgeni mwenye mali naye aweza kuuliza akitaka. Twaona hata leo kwetu mgeni ambaye kwa miaka mingi hakujifunza kusalimu kwa Kiswahili, na mwingine ambaye mwezi wa pili tu anajua jina la kila mama auzaye mboga sokoni.

Kwa kijana anayefunga mizigo kwenda ng'ambo twashauri haya machache. Kwanza, ajifunze lugha ya huko kabla ya kuondoka, hata kama ni maneno mia tu. Pili, asome mkataba wa kazi mpaka mwisho, aache nakala yake na ya pasipoti kwa ndugu, na ajue mahali ulipo ubalozi wetu. Tatu, asikae na wenzake wa nyumbani peke yao. Siku ya mapumziko atembee mjini, aende sokoni, na kama kuna mlima aupande, amwulize mwenyeji jina lake na maana ya jina hilo. Mtu akuelezaye jina la mlima wake amekwisha kukukaribisha nusu. Nne, asione haya kwa lugha yake na desturi zake, kwani huenda siku moja ndizo zitakazomtofautisha na wengine.

Nasi tubakio tuna wajibu wetu. Wahandisi na mafundi wa makampuni ya Kichina walijenga barabara kuu ya Nairobi mpaka Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012. Kabla yao Wajapani walisaidia kuanzisha chuo cha kilimo na ufundi hapo Juja, kilichofungua milango mwaka 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Ardhi yake, hekta 200, ilitolewa na Mzee Kenyatta mwaka 1978, mwaka aliofariki. Basi katika Juja ile ile ambapo zamani Mwafrika alifika kwa kubeba mizigo, leo watoto wa wakulima wa Ruiru na Thika wameketi madarasani, na jina la chuo ni la yule aliyekuwa kibarua Storrington.

Atakaye kuuona mlima wenyewe aweza kwenda. Tangu mwaka 1967 ni hifadhi ya taifa, mali ya wananchi wote. Kutoka Thika hushika njia ya Garissa, kisha hugeuka kulia kuelekea kijiji cha Donyo Sabuk, na karibu na hapo ataona mto Athi ukianguka katika maporomoko ya Fourteen Falls. Asipande kwa miguu bila askari wa wanyama, kwa kuwa mbogo wangalimo na hawana mzaha. Njiani ayapite makaburi kwa heshima, maana aliyelala pale alikuwa mtu aliyeupenda mlima huu. Kisha aendelee mpaka kileleni, mahali ambapo yule hakufika. Siku ya anga safi ataona Kirinyaga upande wa kaskazini, na kusini ataona Kilimanjaro. Na chini yake, upande wa magharibi, ataona mabati ya Thika, Juja na Ruiru yakimeta juani.

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akubalipo mgeni kulishika jembe hilo pamoja na mwenyeji, na mwenyeji akubalipo kumwonyesha mpaka wa shamba, hapo ugeni umekwisha.